Mikono Iliyonawa Dizeli

1

Masalu Ndakama hakuwa na cheti. Hakuwa na leseni ya Shirika la Utando, hakuwa na sare ya kijani, wala kile kisanduku chenye taa wanachotembea nacho mafundi wa leseni. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto hakuwa nacho tangu mkanda wa mashine ya kuchambua pamba ulipokichukua. Meno mawili ya mbele hakuwa nayo pia, na hilo halikumzuia kucheka. Hakuwa na simu, kwa kuwa kila simu aliyoishika ilikaa kimya kama imeguswa na upepo. Darasa la mchana hakulipata. Alisoma la jioni, akiwa na miaka thelathini na minne, akikaa dawati moja na shemeji yake. Mjini hakuwa na mtu wa kumpigia hodi. Na viganjani hakuwa na mafuta.

Hilo la mwisho ndilo lililomleta mkaguzi.

Alifika Mwabulenga asubuhi ya Jumanne, mwanamke wa makamo aliyevaa buti safi, akamkuta Masalu amechuchumaa kando ya pampu ya zahanati akisugua spana kwa kitambaa. Muuguzi Hollo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, kama mtu anayelinda mlango usivamiwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kiu au umekuja na karatasi?"

"Vyote viwili," alisema mkaguzi. "Naitwa Adventina. Mhandisi wa Shirika."

Hollo alimletea maji. Akanywa kikombe kizima bila kupumua, akakirudisha, kisha akaweka kiganja chake juu ya pampu. Pampu ilikuwa imevikwa utando, kama pampu zote za nchi: ngozi nyeusi, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, iliyofunika kila nati. Utando ukaonja mafuta ya kiganja chake. Kila mtu huacha mafuta ya mwili wake anapogusa kitu, na mafuta ya mmoja hayafanani na ya mwingine. Ukimtambua mwenye leseni, utando hulegea na nati hufunguka. Ukimwonja mtu mwingine akishika spana, pampu hujifunga siku thelathini, na hakuna wa kuifungua, hata Shirika lenyewe.

Ulimtambua Adventina. Nati zikalegea.

"Mwezi wa nane," alisema huku akifungua, "pampu hii ilivunjika beringi. Kumbukumbu za utando zinaonyesha hivyo. Siku ya tatu ikafunguka, ikapata beringi nyingine, ikafunga, ikaanza kutoa maji. Fundi wetu alipangiwa kufika siku ya ishirini na sita. Alipofika akakuta kazi imekwisha." Akamtazama Masalu. "Na utando unasema muda wote huo hapakuwa na mtu."

"Utando una macho?"

"Hauna. Una ulimi."

"Basi labda haukupenda ladha."

Hollo alicheka puani. Adventina hakucheka, lakini hakukasirika pia. Aliingiza vidole ndani ya pampu, akatoa mpira wa duara unaozuia maji yasivuje kwenye mhimili. Mpira ulikuwa umevimba na kulegea kama andazi lililoloweshwa kwenye chai. Aliunusa.

"Dizeli," alisema. "Mzee, pampu hainawi mikono."

Masalu aliuchukua mpira, akaugeuza mara mbili. Uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana kama mtu aliyeshikwa na kosa.

"Mlituwekea mpira wa mti," alisema polepole. "Mimi nilidhani ni ule mweusi wa kiwandani, usiojali mafuta. Nimenawa dizeli, nimejifuta kwa kitambaa, nikaushika. Umekunywa dizeli iliyobaki kwenye mikunjo ya vidole. Kosa la mwanafunzi hili." Akainua kichwa. "Kwa mpira, nisamehe. Kwa kufungua pampu, siombi msamaha."

"Kwa nini unanawa dizeli?"

"Kwa sababu sabuni haitoi grisi. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha: kinachoyeyusha ni kile kinachofanana na kinachoyeyushwa. Chumvi na maji wanaelewana. Grisi na maji hawajuani kabisa. Lakini grisi, lami na dizeli ni ukoo mmoja. Wote wametoka chini ya ardhi. Ukiwakutanisha, wanaingiana. Petroli nayo ni ndugu yao, lakini ina haraka, inaruka hewani kabla haijamaliza kazi. Dizeli inakaa. Inaingia kwenye kila ufa, inachimbua."

"Na mafuta ya ngozi?"

"Hayo nayo ni ukoo." Masalu alimwonyesha viganja vyake. Vilikuwa vya kijivu, vimekauka, vimechanika kama mbuga mwezi wa kumi. "Miaka arobaini, mama, asubuhi na jioni. Yameshahama."

Adventina aliitazama ile mikono muda mrefu. Tangi la zamani la kiwanda cha pamba, lililofukiwa ardhini, lilikuwa bado na dizeli, miaka kumi na tisa tangu magari ya mwisho ya kuichoma yazuiwe. Kila mtu alijua. Sheria ilikataza kuichoma. Haikusema neno juu ya kunawa.

"Sasa nisikilize," alisema akifungua mkoba. "Wakubwa wangu wamesoma kumbukumbu. Wanasema pampu ilijitibu. Wamefurahi mno, mzee. Siku ya arobaini na mbili kuanzia leo, Baraza la Maji la wilaya linakaa. Shirika litaomba mafundi wote waondolewe katika vijiji mia tatu, kwa kuwa utando unaweza kutengeneza pampu wenyewe. Ushahidi wao ni pampu hii. Wanataka wewe, jirani wa pampu, utie sahihi kwamba hukuigusa."

"Na huo mpira?"

"Hakuna anayetaka kusikia habari za mpira."

"Nisipotia sahihi?"

"Basi kuna mtu aliyefungua bila leseni. Pampu itafungwa siku thelathini, na wewe utashtakiwa. Ukitia sahihi, pampu inabaki wazi, na unapewa leseni. Nimeipigania mwenyewe hiyo." Sauti yake ilishuka. "Lakini leseni inataka kiganja kinachosomeka. Acha dizeli siku arobaini, mafuta yarudi. Nitakuja na karatasi pamoja na kibao cha kusoma mkono."

Masalu alifikiri. Tangu ujana alikuwa akifanya kazi kwa kujificha kama mwizi wa kuku: akiitwa kwa kukonyezwa, akiingilia nyuma ya nyumba. Leseni ilikuwa karatasi yenye jina lake, ya kubandikwa ukutani.

"Kuacha dizeli siku arobaini hakujamuua mtu," alisema. "Hilo ndilo nililolikubali. Sahihi sijaikubali. Na mpira niachie. Kosa langu nalitunza mwenyewe."

Adventina akampa.

2

Mkewe, Mama Nkwimba, alipokea habari ile kama sikukuu. Alichukua samli iliyokuwa imehifadhiwa kwa ajili ya ugeni, akamkalisha mumewe barazani, akaanza kumpaka mikono mpaka kwenye viwiko.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "nimelala kando ya gereji."

"Ulijua unaolewa na fundi."

"Niliambiwa fundi. Sikuambiwa tangi."

Kila siku akampaka. Nyufa za viganja zilianza kufunga kutoka pembeni. Wiki ya tatu Masalu alivunja yai bila ganda kumchoma. Wiki ya nne alimshika mkewe shavu wakiwa wanachambua mchele, na mkewe akaacha kuchambua, akaushikilia ule mkono pale pale kwa muda.

"Unanuka mtu," alisema hatimaye.

Siku ya thelathini na tatu alipita zahanati kupeleka ndoo. Mlango wa zahanati nao ulikuwa na utando kwenye kitasa. Miaka yote Masalu alisubiri mwenzake amfungulie, kama mbuzi. Siku hiyo aliugusa kwa kusahau.

"Karibu, Masalu Ndakama," mlango ulisema, ukafunguka.

Aliruka nyuma. Mafuta ya kiganja chake yaliandikwa ujanani, kabla ya dizeli. Mlango ukajifunga. Akaugusa tena.

"Karibu, Masalu Ndakama."

Akatoka, akaingia. Akatoka tena.

"Baba," Hollo alimwita kutoka ndani, "unaingia au unapepea inzi?"

"Mlango umenitaja jina!"

"Unanitaja mimi kila siku. Utachoka."

Lakini Masalu hakuchoka. Alirudi nyumbani kwa njia ndefu, akigusa kila kitu chenye utando: nguzo ya taa, sanduku la posta, mzani wa pamba. Kila kimoja kikamwambia jina lake. Jioni ile alitoboa tundu ukutani na kupigilia msumari mahali ambapo leseni ingening'inia.

3

Siku ya thelathini na sita, saa nne asubuhi, mikokoteni miwili ya punda iliingia zahanati kutoka Mwankale, kijiji cha jirani. Watoto saba walikuwa wamelazwa juu ya magunia. Hollo aliwapokea mmoja mmoja, na macho yake yalipokutana na ya Masalu, Masalu akaweka ndoo chini, akaenda kusaidia kubeba.

Kuhara damu. Wote walikuwa wamekunywa maji ya lambo, pamoja na ng'ombe.

"Pampu yenu je?" Masalu alimuuliza mama wa mtoto mdogo kuliko wote, mwanamke aliyeitwa Ngolo.

"Imesimama siku ya tisa."

"Fundi wa leseni?"

"Amesema baada ya siku kumi na tisa. Lakini mwenyekiti akasema tusihangaike, itapona." Ngolo alinyoosha kidole kuelekea pampu ya zahanati, kwa adabu, kama anaonyesha mtu mzima. "Redio imesema ya kwenu ilijitibu yenyewe. Imesema tusiiguse, tuipe nafasi. Tumeweka walinzi, watoto wasiisogelee."

"Walinzi," alisema Masalu.

"Usiku na mchana. Kila asubuhi tunakwenda kusikiliza kama imeanza kuunguruma."

Masalu alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Karatasi ya Shirika ilikuwa bado haina hata nukta ya wino wake, na tayari watu walikuwa wamekaa siku tisa mbele ya chuma kilichovunjika, wakingoja kipone, kwa sababu ya jambo alilolifanya yeye kwa mikono yake na kukaa kimya.

"Ilipiga kelele gani kabla ya kusimama?" aliuliza.

"Kama mtu anasaga meno."

"Beringi," alisema. Akasimama.

Alifika nyumbani akihema. Mama Nkwimba alikuwa anaanika mahindi. Alimweleza kwa maneno machache, na mkewe akaelewa kabla hajamaliza.

"Ukiigusa kwa mikono hii," alisema, "itakuonja."

"Itajifunga siku thelathini. Watakunywa lambo siku thelathini."

"Na ukinawa..."

"Adventina anakuja baada ya siku nne na kibao chake. Hakitasoma kitu. Na nisipokwenda, mwanamke yule atarudi Mwankale kusikiliza chuma."

Mama Nkwimba alikaa chini juu ya kinu. Alitazama mikono ya mumewe, ile aliyoihangaikia kwa samli ya chupa tatu.

"Nimepata siku thelathini na sita," alisema. "Za mkono wa mtu."

Masalu alijua kwamba mkewe akisema kaa, angekaa angalau mpaka kesho, na kesho ilikuwa mbali kwa mtoto wa Ngolo.

Mkewe aliinuka, akaingia stoo, akatoka na beseni lililochakaa na dumu la dizeli alilokuwa amelificha nyuma ya magunia, mahali ambapo Masalu alikuwa ameambiwa limemwagwa. Ilikuwa nyekundu kama chai ya rangi kwa uzee wake. Akaichuja kwa kipande cha kanga, akajaza beseni.

"Nawa," alisema. "Mpaka kwenye kucha. Usifanye kazi nusu."

Masalu alitia mikono. Ngozi mpya haikuwa na ganda la zamani, na dizeli iliingia kwenye nyufa zilizokuwa karibu kufunga, ikachoma mpaka akauma meno. Alisugua kwa pumba za mchele. Alisugua muda wa kuiva sufuria ya maharage, akibadilisha dizeli mara tatu, mpaka viganja vikawa vyeupe na vikavu na havina mng'ao hata kidogo. Kisha akasimama kuondoka.

"Wee!" Mkewe alimvuta shati. "Majivu kwanza. Utaloweka mpira wa watu tena?"

Akamwagia maji ya majivu, mara mbili. Majivu hayarudishi mafuta. Huondoa dizeli iliyobaki tu. Masalu alicheka, machozi ya maumivu yakimtoka.

"Nani fundi hapa?"

"Aliyekumbuka mpira."

Alipofika Mwankale, walinzi wawili walimzuia kwa fimbo.

"Mzee, usiiguse. Inapumzika."

"Imekufa," alisema Masalu. "Iteni kijiji kizima. Nataka mnione."

Walikuja, kwa hasira kwanza, halafu kwa udadisi. Masalu hakuingilia nyuma ya nyumba safari hiyo. Aliweka viganja vyote viwili juu ya utando mbele ya watu wote, akavuta pumzi. Utando ulikaa kimya. Haukumjua, haukumkataa. Alichukua spana.

Nati zilikuwa zimebana, kwa kuwa utando hulegea kwa mwenye leseni tu. Alizishinda kwa bomba refu na uzito wa mwili wake. Kila alichofanya alikitamka kwa sauti, kama anasoma darasani: hii ni nati, hii ni kifuniko, hii ndiyo iliyokuwa inasaga meno. Aliinua beringi iliyovunjika, akampa mwenyekiti aishike.

"Hii ingejitibu lini, mwenyekiti?"

Mwenyekiti aliigeuza. Vipande vya chuma vikamwangukia viatuni. Masalu akatia beringi nyingine aliyokuja nayo mfukoni.

"Mpira huu," Masalu aliendelea, "ni wa mti. Haupendi dizeli. Nilijifunza kwa kukosea."

Saa tisa alasiri pampu ilikohoa, ikatema kutu, ikatoa maji. Watu hawakushangilia mara moja. Waliyatazama kwanza. Halafu mwanamke mmoja akasukuma ndoo yake chini ya bomba, na kelele zikaanza.

4

Kesho yake, baada ya chai, Masalu alikaa mezani na kalamu. Kanuni ya Baraza la Maji, ambayo mwalimu wa jioni aliwahi kuwasomea, ilikuwa bado haijafutwa: barua ya karatasi, iliyofungwa na mwananchi, lazima ifunguliwe na kusomwa kwa sauti mbele ya wajumbe wote. Ujumbe wa simu ulipitia kwanza kwenye utando wa Shirika. Karatasi haikupita kwa mtu.

Vidole vilikuwa vimechanika upya. Aliandika polepole, herufi za duara alizofundishwa akiwa mtu mzima.

*Kwa Baraza la Maji.*

*Mimi Masalu Ndakama wa Mwabulenga, fundi, natoa ushahidi. Pampu ya zahanati yetu haikujitibu. Niliitengeneza mimi mwezi wa nane. Jana nimeitengeneza ya Mwankale, na kijiji kizima kimeniona. Utando haukuniona kwa sababu nanawa dizeli, na dizeli imeondoa mafuta ya mikono yangu. Wapo mafundi wengi kama mimi. Kila mahali ambapo utando umeandika kwamba hapakuwa na mtu, ulizeni nani alikuwapo.*

*Watoto saba wameugua kwa kuwa waliambiwa wangoje. Sehemu ya kosa hilo ni yangu, kwa sababu nilijua na nikanyamaza siku thelathini na sita nikitaka leseni. Leseni sasa siitaki kwa njia hiyo. Nipeni kwa sababu nafahamu kazi, au msinipe.*

*Najua kwamba kwa barua hii mnaweza kunishtaki na kufunga pampu zote mbili. Mkifunga, nitatengeneza nyingine zitakazovunjika, mchana, mbele ya watu, nami nitawafundisha wengine kazi. Sitawafundisha kunawa dizeli. Inaumiza, na mke wangu hapendi. Ninyi ndio mbadilishe utando, uache kuuliza mtu ana mafuta gani na uanze kuuliza anajua nini.*

*Naambatanisha mpira nilioharibu kwa mikono yenye dizeli. Pampu inayojitibu haifanyi kosa la namna hii.*

"Hilo la mke wangu hapendi," alisema Mama Nkwimba, akisoma juu ya bega lake, "litasomwa kwa sauti?"

"Mbele ya wajumbe wote."

"Liache."

Alitia barua ndani ya bahasha, akatia na ule mpira uliovimba, ukafanya bahasha iwe na tumbo. Mkewe alileta uji mzito wa muhogo, akapaka mdomo wa bahasha. Masalu aliubana kwa dole gumba, akaushikilia mpaka uji ukakauka. Alipoondoa, alama ilibaki: hakuna mistari ya dole, ila nyufa tu, zikikatana.

Posta, karani alikuwa kijana mwenye miwani aitwaye Sospeter. Aliipima bahasha, akabonyeza tumbo lake, akaamua kutouliza.

"Weka mkono hapo, mzee, kwa ajili ya jina la mtumaji."

Masalu aliweka kiganja juu ya kibao. Kibao kilifikiri.

"Hakuna mtu," kilisema.

Sospeter alikipiga konde. "Rudia, tafadhali."

"Hakuna mtu."

"Samahani, mzee. Mashine inasema hakuna aliyeleta barua."

"Wewe unaona nini?"

Sospeter alimtazama: mzee mrefu, amenyooka, kidole kimoja hana, meno mawili hana, ananuka dizeli mpaka mlangoni.

"Namwona mtu," alisema.

"Basi andika unachokiona."

Kijana alisita kidogo. Kisha akafungua droo, akatafuta sana mpaka akapata kalamu ya wino, akaandika juu ya bahasha kwa mkono wake: *Imeletwa na Masalu Ndakama, fundi.* Akagonga muhuri. Akaitupa ndani ya gunia la wilaya, akalifunga kwa kamba, mafundo mawili, na kulibeba begani kwenda nje ambako gari la posta lilikuwa linangoja.